Mgomo wa Mtu Mmoja: Kazi na Uchovu katika Riwaya ya Dinaw Mengestu

Riwaya ya kwanza ya Dinaw Mengestu, The Beautiful Things That Heaven Bears, ilitoka Marekani mwaka 2007. Uingereza ilichapishwa kwa jina la Children of the Revolution na mwaka huohuo ikapata tuzo ya kitabu cha kwanza ya gazeti la Guardian. Tangu hapo wahakiki wengi wameisoma kama riwaya ya uhamisho na kumbukumbu: mtu aliyekimbia Ethiopia ya zama za mauaji ya Derg, akaishi Washington miaka 17 bila kufika. Usomaji huo una haki yake. Hata hivyo, unapita haraka juu ya jambo lililo wazi karibu katika kila sura, nalo ni kwamba watu wa riwaya hii wamechoka. Wamechoka kwa kazi wanazozifanya, na kwa kazi ambazo zingepaswa kuwa zimekwisha kuwafikisha mahali fulani na hazikuwafikisha. Makala haya yanaisoma riwaya hiyo kwa upande huo.

Msimulizi ni Sepha Stephanos, mwenye duka dogo la vyakula katika mtaa wa Logan Circle. Rafiki zake ni wawili: Kenneth, Mkenya ambaye ni mhandisi, na Joseph, mtu wa Kongo ambaye ni mhudumu wa mkahawa. Watatu hao walijuana walipokuwa wakifanya kazi pamoja hotelini, wakiwa wapya mjini. Miaka imepita na kila mmoja ameshika njia yake, lakini bado hukutana dukani baada ya kazi, hunywa, na hucheza mchezo wao wa kutaja mapinduzi ya kijeshi ya Afrika: mmoja hutaja jina la dikteta, wengine hutafuta nchi na mwaka. Mengestu, aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1978, akapelekwa Marekani utotoni na baadaye akasoma Chuo Kikuu cha Georgetown, anaujua mji huu. Haonyeshi Washington ya Ikulu na Bunge. Anaonyesha Washington ya wanaofungua na kufunga milango ya wengine.

Katika urafiki huo zimo namna tatu za uchovu, na uzuri wa riwaya ni kwamba haizichanganyi. Uchovu wa Joseph ni wa mwili na wa heshima kwa pamoja. Ni msomaji, na kwa miaka ameandika shairi refu lisilokwisha kuhusu historia ya Kongo. Jina la riwaya limetoka kwa Dante, na Joseph ndiye anayemwabudu Dante kuliko mtu yeyote kitabuni. Lakini saa zake bora huzitoa mkahawani, akiwahudumia watu ambao hawana haja ya kujua kwamba mbebaji wa sahani ni mshairi. Shairi halikwishi, na sababu yake si uvivu wala ukosefu wa kipawa. Hupewa masalio ya siku, na masalio ya siku hayatoshi kujenga jambo kubwa.

Uchovu wa Kenneth ni wa aliyefaulu. Huvaa suti, ana mshahara, ana cheo cha kutajika nyumbani. Ndiye anayemhimiza Stephanos apange hesabu za duka, afikirie faida, afanye kama wafanyavyo watu wa nchi hii. Kwa macho ya jamaa waliobaki Nairobi, Kenneth ameshinda. Riwaya, hata hivyo, inamleta dukani akiwa na uso wa mtu ambaye kazi imemchukua yeye pia. Amekubali kwamba bidii italipa, na kwa kuwa amekubali hana wa kumlalamikia. Mhudumu anaweza kuulaumu mkahawa. Mhandisi aliyeuamini ahadi ya bidii hubaki kujilaumu mwenyewe.

Uchovu wa Stephanos ndio mgumu zaidi kueleza, na ndio kiini cha kitabu. Hafanyi kazi kupita kiasi. Duka lake mara nyingi halina mtu, naye hukaa nyuma ya kaunta akisoma riwaya. Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa kwa methali ya mchumia juani atakuwa mwepesi kumhukumu: huyu hakuchumia juani, basi kivuli atakipata wapi? Lakini Mengestu ameyaweka mambo kinyume. Kwa sababu Stephanos hakimbii, duka lake ndilo mahali pekee ambapo Joseph na Kenneth wanaweza kuketi. Uzembe wake kibiashara ndio ukarimu wake. Hapohapo ndipo Naomi, binti wa jirani mpya Judith, anapokaa mchana akisomewa Dostoevsky. Kama duka lingepata faida kama Kenneth alivyotaka, foleni ya wateja ingemeza mchezo wa madikteta na usomaji wa mtoto vyote pamoja.

Hapa inafaa kuziangalia kando yake riwaya mbili za Kiswahili ambazo zimelijibu swali hilohilo kwa njia tofauti. Katika Utubora Mkulima, iliyochapishwa mwaka 1968, Shaaban Robert anamtoa mhusika wake katika kazi ya mshahara mjini na kumpeleka shamba la Busutamu. Utubora huchagua. Anajua anachokiacha na anachokwenda kukipata, na ardhi ipo ya kumpokea. Kazi ya jembe ni ngumu, lakini ni yake, na jioni yake ni yake. Katika Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, wachukuzi wa bandari ya Unguja hawana Busutamu ya kukimbilia. Wana wenzao. Riwaya hiyo imejengwa juu ya mgomo wa kweli wa mwaka 1948, na ndani yake uchovu wa Rashidi hugeuka polepole kutoka maumivu ya mgongo wake mwenyewe kuwa neno la watu wengi. Shaaban Robert anampa aliyechoka shamba, Adam Shafi anampa chama.

Stephanos hana lolote kati ya hayo mawili. Kurudi hakuwezekani: baba yake alichukuliwa na askari, na nchi aliyoiacha haipo tena. Chama pia hakiwezekani: mwenye duka dogo hugoma dhidi ya nani? Ndiyo maana tukio kubwa la riwaya ni dogo sana kwa nje. Siku moja mchana, akiwa anadaiwa kodi ya pango, Stephanos analiacha duka na kutoka nje, akiwafuata watalii wawili waliopita dukani, kisha anaendelea kutembea mjini mpaka kwa mjomba wake Berhane, anayeishi Silver Spring katika jengo lililojaa Waethiopia. Wahakiki wameiita safari hiyo kuporomoka. Inaweza pia kuitwa mgomo. Ni mgomo wa mtu mmoja, usio na madai, usio na bango, ambao hakuna mwajiri aliyeusikia. Nguvu ya masimulizi iko katika jinsi saa zinavyobadilika tabia: mchana ambao kwa miaka ulikuwa wa kungoja wateja unakuwa wa kuutazama mji. Udhaifu wa mgomo huo ni uleule wa mtu mmoja: gharama yake yote anailipa aliyegoma.

Hapa pia ndipo swali la haki linapoingia, kwani uzembe wa Stephanos una mipaka ambayo riwaya haikuitazama vya kutosha. Si kila mtu ana duka la kuliacha wazi. Katika miji inayouzunguka mji mkuu, Silver Spring, Bethesda, Alexandria na mingineyo, kazi ya watu wa Afrika Mashariki haifanyiki nyuma ya kaunta peke yake. Hufanyika jikoni na vyumbani, katika kulea watoto na kuwauguza wazee wa watu. Ni kazi ya wanawake kwa sehemu kubwa, na katika riwaya ya mwaka 2007 karibu haionekani. Mwanamke mkuu kitabuni ni Judith, profesa mwenye nyumba ya kukarabati. Wanawake wanaochoka wako pembeni, katika vishoroba vya jengo la Berhane, na hawapati sura yao.

Pengo hilo si dogo, na kumbukumbu za mahakama zinalionyesha. Mwaka 2008 mahakama ya shirikisho mjini Washington ilitoa hukumu ya zaidi ya dola milioni 1 kwa mfanyakazi wa nyumbani kutoka Tanzania, dhidi ya ofisa wa ubalozi na mkewe waliomleta kufanya kazi nyumbani kwao Bethesda. Katika madai yake alieleza kwamba alinyang'anywa pasipoti na kutumikishwa kutwa kwa miaka bila kulipwa mshahara wake. Waajiri na mwajiriwa walikuwa watu wa nchi moja. Amri alizopewa hazikuhitaji mkalimani. Anayeisoma kesi hiyo baada ya kuisoma riwaya ya Mengestu anagundua kwamba mapumziko ya Stephanos, kwa umaskini wake wote, ni haki ambayo mwingine maili chache tu kutoka hapo hakuwa nayo: haki ya kufungua mlango na kutoka.

Sheria yenyewe imechelewa kumwona mtu huyo. Sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 1938 iliweka malipo ya ziada kwa kazi inayozidi saa 40 kwa wiki, lakini watumishi wa majumbani waliingizwa katika ulinzi wa kima cha chini cha mshahara mwaka 1974 tu, na hata leo sheria ya shirikisho haimpi malipo ya saa za ziada mtumishi anayelala nyumbani kwa mwajiri. Kwa mtumishi wa namna hiyo, kusema juu ya mizani ya kazi na maisha ni kusema juu ya mizani yenye sahani moja. Anapolala ndipo anapofanyia kazi, na anayemwamsha ndiye anayemlipa.

Mengestu mwenyewe ameonekana kurudi kwenye deni hilo. Katika Someone Like Us, ya mwaka 2024, anarudi kwa jumuiya ya Waethiopia wa vitongoji vya Washington, na katikati ya kitabu yuko Samuel, dereva wa teksi ambaye msimulizi, Mamush, anamjua kama mlezi na huenda zaidi ya hapo. Samuel si Stephanos. Ni mtu wa kazi isiyokoma, na anaota mtandao wa teksi utakaoivuka nchi nzima ili asiwepo mgeni atakayepotea njiani. Hata ndoto yake ya kuwapumzisha wengine imechukua umbo la zamu. Kifo chake ndicho kinachoifungua riwaya, na Mamush anabaki kutafuta maisha ya mtu ambaye muda wake mwingi aliutumia akiwapeleka wengine walikokuwa wakienda. Riwaya ya pili inaijibu ya kwanza: aliyekaa hakufika, na aliyekimbia hakufika.

Kwa msomaji wa Kiswahili, hasa anayeishi huko, kuna jambo moja zaidi ambalo Kiingereza cha Mengestu hakiwezi kulisema kwa neno moja. Kiswahili kina salamu ya uchovu. Mtu akimkuta mwenzake kazini humwambia, "Pole na kazi," naye hujibiwa, "Nimeshapoa." Salamu hiyo haimsifu mtu kwa bidii wala haimuulizi amechuma nini. Inakiri tu kwamba kazi ni mzigo na kwamba mwingine ameuona. Wanachokifanya Joseph na Kenneth wanapoingia dukani jioni, kabla ya chupa kufunguliwa na jina la dikteta wa kwanza kutajwa, ni hicho hasa. Wanapeana pole kwa lugha ambayo haina neno la pole, na mchezo wao wa mapinduzi unafanya kazi ya salamu.

Washington si mgeni kwa Kiswahili. Sauti ya Amerika ilianza kutangaza kwa lugha hii kutoka mji huo mwaka 1962, na kwa miongo mingi ilikuwa lugha ya habari: chaguzi, vita, mikataba. Ken Walibora naye aliiandika Ndoto ya Amerika mwaka 2001, kitabu kuhusu hamu ya kwenda. Kilichobaki kuandikwa ni yatokeayo baada ya kufika, saa kumi na moja alfajiri kwenye kituo cha basi cha Silver Spring, mtu akitoka zamu ya usiku na mwingine akiingia ya asubuhi. Uwezo upo katika mapokeo yenyewe: macho ya Kuli kwa mwili unaobeba, na imani ya Utubora Mkulima kwamba jioni ya mtu ni mali yake. Mengestu amefungua duka na kuwaketisha humo wanaume watatu. Mwanamke wa Bethesda bado anangoja mtu wa kumwambia pole na kazi, katika kitabu na kwa lugha yake.