Asubuhi ya 10 Februari 1916: Götzen Ilivyoachwa Iende Zake

Uamuzi wa Kamanda Geoffrey Spicer-Simson wa jeshi la majini la Uingereza wa kuiacha meli ya Kijerumani Graf von Götzen ipite mbele ya Lukuga, ambayo leo ni Kalemie, pasipo kuishambulia wala kuifuata hata kwa mbali, ulikuwa kosa la wazi, na sifa alizomwagiwa kwa ushindi wa siku zilizotangulia hazitoshi kulifunika. Wasomaji wengi wanaifahamu vita hii ya Ziwa Tanganyika kupitia riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935 na filamu ya 1951 iliyotokana nayo; katika filamu hiyo meli ya Wajerumani inazama kwa ushujaa wa watu wawili. Historia yenyewe haikwenda hivyo.

Chanzo cha udhaifu wa Wabelgiji na Waingereza ziwani kilikuwa Brussels. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliruhusu bonde la Kongo litangazwe eneo lisiloegemea upande wowote vitani, na serikali ya Ubelgiji, vita vilipozuka Agosti 1914, iliitegemea karatasi hiyo wakati Wajerumani walikuwa tayari na reli iliyofika Kigoma mwaka huohuo. Mnamo 22 Agosti meli yao Hedwig von Wissmann iliishambulia Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji, huko Lukuga na kuiharibu, na tangu hapo Wajerumani wakawa na ukuu wa ziwa, yaani uwezo wa kupitisha askari na mizigo majini wapendavyo na kumzuia adui kufanya hivyo. Kosa hilohilo liligusa pia Ziwa Kivu. Kutoka Nya-Lukemba, jina lililotumika kabla mji wa Bukavu haujaitwa Costermansville mwaka 1927, njia ya maji kuelekea kaskazini inapitia Idjwi, kisiwa ambacho makubaliano ya mwaka 1910 yalikwisha kukiweka upande wa Kongo. Hata hivyo Wajerumani walikiteka 24 Septemba 1914 na kukishikilia hadi 1916. Mwami Kabego, aliyeyasumbua majeshi ya Rwabugiri, mfalme wa Rwanda, katika karne ya 19 kabla ya kuuawa, alikilinda kisiwa hicho kwa bidii kubwa kuliko dola iliyokuwa na mizinga na mikataba.

Kazi ya kuzileta boti Mimi na Toutou kutoka Uingereza kwa meli, reli, mashine za mvuke na mto Lualaba, kupitia milima ya Mitumba, ilifanywa vizuri. Inapasa kuongezwa, kama ilivyopasa kusemwa kila mara habari hii inapoandikwa, kwamba Wakongo waliokata miti, waliojenga madaraja na kuvuta kamba kwenye miteremko hawakupewa nafasi katika vitabu vilivyojaza kurasa kwa mavazi na michoro ya mwilini ya Spicer-Simson.

Boti ya Kijerumani Kingani ilitekwa 26 Desemba 1915 na kupewa jina la Fifi. Hedwig von Wissmann ilizamishwa 9 Februari. Siku iliyofuata Götzen ilitokea ikiitafuta mwenzake isiyorudi, ikiwa peke yake, na nahodha wake hajui kilichoipata. Maofisa wa Spicer-Simson walikuwa tayari kutoka, lakini yeye akakataa. Meli ikapita, kisha ikaondoka zake.

Utetezi wa kamanda unajulikana na una uzito. Götzen ilikuwa na mzinga wa milimita 105 uliotolewa katika manowari Königsberg, iliyoangamia kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, ilhali Mimi ilibeba mzinga wa paundi tatu, yaani unaorusha kombora la kilo 1.4 hivi, na Fifi ilikuwa imetumia sehemu kubwa ya makombora yake siku iliyotangulia. Kupigana ana kwa ana mchana kweupe kungeweza kuwa maangamizi. Hoja hiyo, hata hivyo, inajibu swali la kufyatua tu. Boti iliyoweza kwenda kasi kuliko Götzen ingeweza kuifuata nje ya masafa ya mzinga, kujua inalala wapi na kuirudia usiku, na kazi hiyo ya upelelezi, ambayo ndiyo silaha ya kwanza ya chombo kidogo, haikufanywa. Aliyekuwa na habari alizipoteza kwa hiari.

Kilichofuata kinaonyesha kwamba haikuwa tahadhari ya siku moja. Spicer-Simson aliondoka ziwani kwenda magharibi ya Kongo kutafuta chombo kikubwa zaidi, akarudi Mei, na muda wote huo boti zilizovushwa milimani kwa jasho la maelfu hazikuisumbua Götzen. Mwezi Juni alifika Bismarckburg, yaani Kasanga, akaiona ngome, akasita tena, na Wajerumani wakatoroka kwa majahazi usiku. Kati ya wakati huo na Julai ilibainika kwamba mzinga ule mkubwa uliohofiwa ulikuwa umekwisha ondolewa na kupelekwa kwa jeshi la nchi kavu la kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, na mahali pake pakawekwa mfano wa mbao. Adui aliyefuatwa kwa karibu asingeweza kuficha jambo kama hilo kwa urahisi.

Waliomaliza kazi walikuwa wengine. Wabelgiji walitumia ndege za majini walizoazimwa na Waingereza kuishambulia Kigoma mwezi Juni, kisha vikosi vyao vikaukaribia mji huo kwa nchi kavu. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen karibu na Kigoma, baada ya kuipaka mitambo yake grisi nzito ili isiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Mimi na Toutou hazikuirushia kombora hata moja.