Nukta za Kanga, Mtaa wa Gizenga

Mtaa wa Gizenga, katika Mji Mkongwe wa Unguja, hupita nyuma ya Ngome Kongwe, mwembamba kiasi kwamba wenye mizigo hupishana kwa kuombana njia. Huku na huku ni maduka ya picha. Zimetundikwa hadi nje, zikafunika kuta za mawe na chokaa: twiga, viboko, chui, ndege wa kila rangi. Mpita njia mwenye haraka huona zote ni zile zile, akaenda zake. Uhondo umempita.

Uchoraji huu ni tingatinga, na jina hilo ni la mtu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi za kupaka baiskeli. Alifariki 1972, lakini alikuwa ameshawafundisha ndugu na jamaa zake. Nao wakafundisha wengine, hadi kazi ikavuka bahari.

Siku hizi wengi huchora juu ya kitambaa kilichowambwa kwenye fremu, ila rangi ni ile ile ya mafuta, inayong'aa na isiyotaka pupa. Simama mahali mchoraji anapofanyia kazi mlangoni. Kwanza hupaka usuli mzima: njano chini, ikipanda taratibu hadi rangi ya chungwa, kisha nyekundu, usione zilipokutana. Huacha ikauke; ukiiwahi, rangi huburuzika na kazi imeharibika. Kisha hupaka umbo la ndege aitwaye kanga, jeusi tupu. Huacha tena.

Halafu zinakuja nukta, na hapo sichoki kutazama. Huchovya ncha ya brashi nyembamba kwenye rangi nyeupe, akagusa, akainua. Nukta kubwa kifuani, ndogo zaidi kuelekea shingoni, kwa safu zinazofuata mviringo wa mwili, hata ndege aliyekuwa bapa anapata ubavu na mgongo. Brashi ikibeba rangi nyingi, nukta huchuruzika. Ikibeba kidogo, hutoka imekwaruzika. Kipimo kiko vidoleni.

Wapo wanaozidharau picha hizi, wakisema ni za watalii. Kweli watalii ndio wanunuzi wakubwa, na fedha zao husomesha watoto. Lakini mnunuzi hashiki brashi. Kurudia kanga yule yule ndiko kunakomkomaza fundi. Weka kanga wawili wa mikono tofauti bega kwa bega, uangalie shingoni: huyu safu zake zimekwenda sawa hadi mwisho, yule zake zimelipuliwa. Fundi na mwanagenzi huachana hapo.

Ukishaiona tofauti hiyo, soma jina lililoandikwa kwenye kona ya chini. Kama mwenyewe hayupo, muulize muuzaji ni nani, na nani alimfundisha. Tingatinga aliacha jina lake kwa sanaa nzima. Walioipokea mkono kwa mkono nao wanastahili kutajwa, kila mmoja kwa jina lake.