Kiwanda cha Kuunganisha na Kiwanda cha Kutengeneza: Kumsoma Tena Rweyemamu

Justinian Rweyemamu alitoa kitabu chake, Underdevelopment and Industrialization in Tanzania, mwaka 1973. Wengi wetu tuliopita katika vyuo vya makada tulikisoma harakaharaka kwa ajili ya mtihani, tukabaki na kauli moja tu, kwamba ubepari ulituachia viwanda vilivyopinda. Nimekirudia kwa sababu ya swali nililoulizwa na fundi wa redio na simu katika darasa la itikadi huku Lukole, wilayani Ngara. Alisema: ‘Ndugu mkufunzi, Marekani inahangaika kurudisha kwao viwanda vya simu na televisheni. Sisi tulikuwa na viwanda vya redio. Mbona hatuvidai?’

Lukole inaijua thamani ya redio. Kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyokuwa hapa ilifungwa mwaka 2008, na kwa miaka yote ile habari za nyumbani zilifika kwa redio ndogo za mawe. Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 kuwahudumia watu hao.

Ni kweli viwanda tulikuwa navyo. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilitengeneza betri na redio za National Dar es Salaam, na Philips ya Uholanzi iliunganisha redio Arusha. Lakini hoja ya Rweyemamu, ambayo miaka haijaichakaza, ni kwamba mahali jengo lilipo hapatoshi kutuambia kiwanda ni cha nani. Kiwanda kinachoagiza mashine, vipuri na utaalamu kutoka nje, kisichouziana chochote na mkulima wala na kiwanda jirani, ni chumba cha mwisho cha kiwanda cha watu wengine. Fedha za kigeni zikikatika, kinazimika. Tuliliona hilo baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79 na kupanda kwa bei ya mafuta: viwanda vingi nchini vilifanya kazi chini kabisa ya uwezo wake kwa kukosa vipuri na malighafi. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1980, bidhaa za nje zilikuta mlango hauna mlinzi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mwandishi. Tumaini lake kubwa ni mpango wa Dola: Dola imiliki, Dola ipange, viwanda vya kutengeneza mashine vije. Mkakati wa Viwanda vya Msingi wa 1975 ulikwenda njia hiyo hiyo. Lakini kumiliki hisa si kumiliki maarifa. Nikisoma kurasa zake namwona mpangaji, namwona bepari. Fundi simwoni vizuri. Na sisi makada tulilibeba kosa hilo (nami nimo) tukifundisha utaifishaji kana kwamba ndio mwisho wa kazi.

Marekani yenyewe inatufundisha. RCA ilihamisha uunganishaji wa redio kutoka Camden kwenda Bloomington mwaka 1940, ikitafuta vibarua wa bei ndogo, na mwaka 1968 ikafungua kiwanda Ciudad Juárez, Mexico. Mtaji hauna kwao. Sasa wanataka kurudi, na wanakwama mahali pa ajabu. Apple ilipoanza kuunganisha kompyuta za Mac Pro huko Texas mwaka 2013, ilitatizwa na uhaba wa skrubu! Karakana ndogo zilizokuwa zikizichonga zilikwisha kupungua. Foxconn nayo iliahidi Wisconsin ajira 13,000 mwaka 2017. Mkataba uliporekebishwa mwaka 2021 zilibaki 1,454. Nchi yenye fedha zote zile ilishindwa kununua kwa siku moja mtandao wa mafundi uliobomolewa kwa miaka hamsini.

Kenya ilizindua kiwanda cha simu Athi River mwaka 2023. Sikibezi, kinawapa vijana kazi. Ila jina lake lenyewe linasema ni cha kuunganisha, na Rweyemamu angeanzia hapo hapo.

Kwetu Ngara suala hili liko ardhini. Nikeli ya Kabanga ni madini ya betri. Mkataba wa Januari 2021 uliipa Serikali asilimia 16 ya Tembo Nickel, na mpango ukawa madini yasafishiwe Kahama badala ya kusafirishwa ghafi. Hiyo ni hatua, tena kubwa. Hata hivyo nikeli safi ikiishia melini, tutakuwa tumesogeza chumba cha mwisho tu, safari hii kikiwa mwanzoni mwa mstari.

Fundi wangu wa Lukole hupata vipuri kwa kufumua redio zilizokufa. Ana kopo la transista alizozichambua kwa mkono, na hakuna chuo kilichowahi kumuuliza anajua nini. Katika mikutano ya matawi kuhusu Kabanga tunahesabu barabara, fidia na vibarua. Sijasikia tawi likiuliza ni vijana wangapi wa Ngara watafundishwa kuchonga skrubu.