Maswali Kumi ya Kilifi, Darasa la Buyenzi

Mtoto asiyefuata somo hajifichi. Katika shule yoyote ya msingi ya Bujumbura, mwalimu humtambua ndani ya wiki chache: hanakili kilichoandikwa ubaoni, au haitiki akiitwa kutoka nyuma, au anatazama dirishani wenzake wakisoma kwa sauti. Kinachofuata mara nyingi ni kurudia darasa. Akirudia tena, mzazi huanza kufikiria kumbakiza nyumbani, maana daftari na sare zina gharama hata pale ambapo karo ya shule ya msingi iliondolewa tangu 2005. Miaka miwili imepita, na huenda hakuna aliyemwangalia macho wala masikio.

Pwani ya Kenya, huko Kilifi, kazi ya kuwatafuta watoto wa namna hii ilifanyika kwa utaratibu unaostahili kuchunguzwa hatua kwa hatua na walimu na wazazi wa Buyenzi, Bwiza na Kinama, mitaa ya Bujumbura. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walitaka kujua ni watoto wangapi wa miaka 6 hadi 9 wanaishi na matatizo yanayotokana na ubongo na mishipa ya fahamu. Walianza na mashine? La. Walianza na Maswali Kumi, dodoso fupi lililotengenezwa miaka ya 1980 na kujaribiwa Bangladesh, Jamaica na Pakistan. Mzazi anaulizwa: mtoto alichelewa kukaa, kusimama au kutembea? Anaona vizuri, mchana na usiku? Anasikia? Ukimwambia jambo anaelewa? Ana kifafa au huzimia? Anajifunza mambo kama watoto wa rika lake? Jibu ni ndiyo au hapana, na yeyote aliyefunzwa anaweza kuuliza.

Watoto 10,218 walipitishwa katika maswali hayo. Kati yao 955 walionyesha dalili angalau moja, na 810 wakafika kupimwa kwa undani: neva, viungo, masikio, macho na uwezo wa akili. Hapo ndipo ulipo ufundi wa kazi yenyewe, kwa sababu watafiti hawakuishia kwa hao. Waliwaita pia watoto 766 ambao wazazi wao walisema hawana shida yoyote, wakawapima vilevile.

Hatua hiyo huonekana kama kupoteza muda na pesa. Ukweli ni kwamba bila hiyo hakuna anayejua ni wangapi walipita katikati ya vidole. Majaribio ya awali ya Maswali Kumi katika nchi nyingine yalikwisha kuonyesha kasoro yake: hunasa vizuri ulemavu mzito, lakini hukosa watoto wengi wenye shida ya kuona au kusikia ambayo bado haijagunduliwa nyumbani. Mama hawezi kuripoti asichokijua. Mtoto asiyesikia sauti ndogo hujifunza kutazama midomo na kufuata wenzake, na nyumbani huitwa mkaidi.

Matokeo ya Kilifi yalikuwa watoto 61 katika kila 1,000 wenye ulemavu wa kiasi cha kati au mzito. Kifafa kiliongoza, 41 kwa 1,000. Matatizo ya kusikia yalikuwa 14 kwa 1,000. Wengi wa watoto hawa hawana dalili ambayo mpita njia angeiona. Yeyote anayedhani ulemavu shuleni ni kiti cha magurudumu peke yake anawasahau wengi kuliko anaowakumbuka. Mtoto anayesinzia darasani baada ya kumeza fenobabito, dawa ya kifafa, hahitaji kukemewa. Anahitaji mtu wa kuuliza kipimo cha dawa na saa anayoimeza.

Kwa shule ya Buyenzi, basi, somo la kwanza la Kilifi ni kutotegemea maswali peke yake. Macho yanaweza kupimwa kwa chati ya herufi E zilizogeuzwa pande tofauti, mtoto akionyesha kwa mkono miguu ya herufi inaelekea wapi. Hahitaji kujua kusoma. Masikio yanaanza kwa kuchungulia: usaha unaotoka sikioni ni ugonjwa wa kutibiwa kituo cha afya kabla ya mtu yeyote kutamka neno uziwi. Kisha kunong'ona nyuma ya mtoto, sikio moja baada ya jingine, kunatosha kuamua nani apelekwe kwa mtaalamu mwenye mashine ya kupima usikivu. Hiki ni kipimo cha kuchuja, hakitoi hukumu.

Jambo gumu zaidi ni kupima akili, na hapa Bujumbura ina tatizo la lugha. Mtoto wa Buyenzi anaweza kuongea Kiswahili nyumbani na uani, akakutana na Kirundi kama lugha ya masomo ya mwanzo, na Kifaransa juu yake. Akionyeshwa picha akaulizwa kwa Kifaransa, ukimya wake unapima Kifaransa. Ni dhuluma kumwandikia ulemavu wa akili mtoto ambaye hakuulizwa hata mara moja kwa lugha anayoota nayo ndoto.

Lugha nayo ni sehemu tu ya mtego. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Serpell alichapisha ulinganisho wa watoto wa Lusaka na wa Manchester waliopewa kazi ya kuiga maumbo. Kwa penseli na karatasi, watoto wa Uingereza walishinda. Kwa waya, wa Zambia walishinda. Kwa udongo walikaribiana. Kipimo kilichokuja na penseli pekee kingesema uongo kuhusu Lusaka. Huko Kilifi, mtafiti Amina Abubakar na wenzake waliliona hilo, wakatengeneza kipimo cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35 kinachotumia vitu rahisi vinavyopatikana pale pale, kikajulikana kama Kilifi Developmental Inventory. Bujumbura ina wanasaikolojia na walimu wenye uwezo wa kufanya kazi kama hiyo kwa Kirundi na Kiswahili, na ingekuwa na faida kubwa kuliko kununua vipimo vya Paris.

Kupima kukiisha, faili lisifungwe. Watoto wawili wenye matokeo yanayofanana kwenye karatasi wanaweza kuhitaji mambo yasiyokaribiana kabisa. Aliyepoteza usikivu kidogo kwa sababu ya usaha anahitaji tiba, dawati la mbele na mwalimu asiyeongea akiwa amegeukia ubao. Aliyezaliwa kiziwi kabisa anahitaji lugha, na lugha yake ni ya alama, mapema iwezekanavyo. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi na mhitimu wa mwaka 1954 wa Gallaudet, chuo cha viziwi cha Marekani, alianza Accra mwaka 1957 akaeneza shule zaidi ya 30 katika nchi 13 za Afrika, Burundi ikiwemo, kabla ya kufa katika ajali ya ndege Rwanda Desemba 1987. Nguvu ya njia yake ilikuwa kuwafundisha viziwi wazima wawe walimu. Mtoto aliingia darasani akamkuta mtu mzima anayefanana naye, na mzazi akaona mwanawe anaweza kuwa nani.

Mtoto mwenye ualbino huonekana na kila mtu, lakini uoni wake hafifu husahauliwa. Miwani humsaidia kiasi tu. Kinachomfaa zaidi ni kukaa karibu na ubao mbali na mwanga mkali wa dirisha, kuruhusiwa kusimama na kusogea kusoma, maandishi makubwa meusi, na kofia wakati wa mapumziko. Kwake tathmini lazima iulize pia kuhusu njia ya shule. Mauaji ya watu wenye ualbino ya 2008 na 2009 nchini Burundi yaliwakimbiza watoto wenye hali hiyo kutoka vijijini hadi mji wa Ruyigi, ambako mwendesha mashtaka Nicodème Gahimbare aliwapa hifadhi. Mpango wa darasani usiojali usalama wa barabarani haujakamilika.

Mwenye utindio wa ubongo anahitaji kiti kinachoshika mgongo, kisanduku chini ya miguu isiyofika sakafuni, na ruhusa ya kujibu kwa mdomo pale mkono unapokataa. Seremala wa mtaani anaweza kumaliza kiti na kisanduku hicho kwa siku moja. Kwa watoto wenye ulemavu wa akili unaohitaji uangalizi wa karibu, Bujumbura ina Kituo cha Akamuri, na shule ya kawaida ingefaa ikitumie kama mahali pa kuomba ushauri, isiwe tu pa kumpeleka mtoto na kuachana naye.

Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2014, na Januari 2018 ikatunga sheria yake ya kukuza na kulinda haki hizo. Kwa mwalimu mwenye darasa lililojaa na zamu mbili kwa siku, sheria hiyo itaanza kuonekana akipata karatasi moja kwa kila mtoto aliyepimwa: nini kilipatikana, kwa lugha gani aliulizwa, nini kibadilishwe darasani kuanzia wiki hii, nani anahusika, na tarehe ya kumwangalia tena kabla muhula haujaisha. Nakala ya pili ikae kwa mzazi. Familia zikihama kutoka Kinama kwenda Rumonge, au zikirudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, karatasi hiyo isafiri nazo ili mkuu wa shule mpya asianze kumpima mtoto upya kwa kumrudisha darasa.