Uhakiki wa Dhana ya Motisha katika Utafiti Mtambuka: Mfano wa Limfoma ya Burkitt nchini Uganda

Mijadala kuhusu sera za sayansi hueleza motisha ya utafiti mtambuka kwa namna mbili. Ya kwanza huiweka moyoni: mtafiti huvuka mipaka ya taaluma yake kwa udadisi. Ya pili huiweka mfukoni: huvuka kwa kuwa mfadhili ameweka sharti hilo. Makala hii inahoji kuwa maelezo yote mawili yana upungufu, na kwamba historia ya limfoma ya Burkitt inaudhihirisha upungufu huo.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya. Muda mfupi baadaye Burkitt alimkuta mtoto mwingine mwenye uvimbe wa aina hiyo mjini Jinja. Upasuaji haukufaa kitu. Kilichomtoa Burkitt nje ya taaluma yake, basi, hakikuwa mvuto wa taaluma nyingine bali kushindwa kwa ile aliyokuwa nayo. Akaanza kuuliza swali lisilo la mpasuaji: ugonjwa huu unapatikana wapi, na wapi haupatikani? Mwaka 1961, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika na kurudi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali.

Ramani iliyopatikana ilionyesha kuwa ugonjwa ulitoweka katika nyanda za juu. Alexander Haddow, mtafiti wa mbu na virusi huko Entebbe, alibainisha kuwa jambo la msingi halikuwa mwinuko bali joto na mvua. Huko London, Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi vya saratani ya kuku, alisikiliza mhadhara wa Burkitt na kuomba sampuli kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza virusi walivyoviona kwa hadubini ya elektroni.

Watafiti hao hawakuwa na motisha moja. Burkitt alikuwa na wagonjwa, Haddow alikuwa na mbu, Epstein alikuwa na virusi. Kilichowakutanisha ni swali ambalo hakuna hata mmoja aliyeweza kulimaliza peke yake. Hata dhana ya kwamba mbu ndiye msambazaji wa virusi haikuthibitika: virusi hivyo huambukizwa kwa mate, na mchango wa mbu ni malaria. Kosa hilo lilizaa matunda kwa sababu liliwekwa wazi mbele ya taaluma zilizoweza kulisahihisha.

Hata hivyo, kuusifu udadisi peke yake ni kupotosha. Visa vya uvimbe wa taya kwa watoto vilikuwa vimekwisha kuandikwa na Albert Cook katika kumbukumbu za Hospitali ya Mengo miongo kadhaa kabla ya Burkitt. Hakuna msingi wa kudai kuwa Cook hakuwa mdadisi. Burkitt alikuwa na kile ambacho Cook hakuwa nacho: rejista ya saratani, wanapatholojia katika hospital hiyo hiyo na taasisi ya virusi iliyo karibu.

Masimulizi haya yana pengo pia. Majina yaliyodumu ni ya madaktari na wanamaabara. Wauguzi, makarani wa kumbukumbu na wazazi walioleta watoto hawatajwi. Sampuli zilivuka mipaka ya taaluma na ya nchi, lakini jina la virusi halikubeba mtu yeyote wa Uganda. Kuvuka taaluma si lazima kuwe kushirikiana.

Kwa watunga sera, funzo ni bayana. Sharti la kuorodhesha taaluma tatu katika fomu ya ufadhili huleta majina matatu, si swali moja. Penye kumbukumbu zinazotunzwa, nauli ya kulifuata swali linakoelekea na ruhusa ya mtafiti kubadili swali lake, motisha haihitaji kununuliwa. Pasipo hayo, hata mdadisi hubaki na daftari lake.