Theluji ya Morrice

Theluji humuumbua mchoraji mvivu. Yeye humimina rangi nyeupe juu ya turubai, akaishia kupata ukuta uliopakwa chokaa. James Wilson Morrice hakunaswa na mtego huo. Alizaliwa Montreal, Kanada, mwaka 1865, akasomea sheria Toronto, kisha akaiacha na kwenda Paris kushika brashi. Baba yake alikuwa tajiri, kwa hiyo hakuchora kwa kukimbizwa na njaa. Lakini watoto wa matajiri ni wengi, na macho kama yake ni adimu.

Mchoro wake wa kivuko cha Quebec, wa mnamo mwaka 1907, umo katika Jumba la Taifa la Sanaa la Kanada, Ottawa. Mbele kuna theluji ya ukingoni, katikati Mto Saint Lawrence, ng'ambo jabali lililobeba mji. Hapo mto hujaa na kupwa japo bahari iko mbali, ndiyo maana barafu hukatika vipande na kuelea. Kabla ya meli za mvuke, wavushaji waliburuta mitumbwi juu ya vipande hivyo, kisha wakarukia ndani maji yalipojitokeza. Ukiyajua hayo, kile chombo kidogo kilichoko mtoni hakionekani tena kuwa pambo.

Theluji huazima rangi ya mbingu: mawingu huitia kijivu, kivuli huitia buluu. Morrice aliipokea ilivyo. Alizoea kutembea na vibao vidogo vya mbao vya kutosha mfukoni, akinasa mandhari kwa miguso michache, na mara nyingine akiacha mbao tupu ionekane, nayo ihesabike kuwa rangi. Kwenye baridi kali rangi ya mafuta hukakamaa na vidole hufa ganzi. Asiyejua cha kuacha hamalizi. Turubai kubwa ilisubiri chumba chenye moto.

Ninachomsifia zaidi ni hicho alichokiacha. Hahesabu madirisha ya mji, wala hahangaiki kutaja kila kilicho ukingoni. Mapande mapana ya rangi yamepangwa moja juu ya jingine, basi. Theluji ya mchoraji Monet inapendeza zaidi, sikatai, ila ya Morrice ndiyo yenye baridi.

Baadaye alihamia kwenye jua, akachora Tangier wakati mchoraji Matisse naye yuko huko. Alifariki Tunis, Januari 1924.