Farasi Aliyeinamia Mbele

Anayeshuka kutoka Fizi, mashariki mwa Kongo, kwenda Baraka na mzigo mgongoni hujua mapema kwamba mteremko una hila zake. Kupanda huchosha mapafu. Kushuka huchosha magoti. Mama anayepeleka mihogo au makaa soko la Baraka, huko chini kando ya Ziwa Tanganyika, haufuati mzigo unakomvuta. Hukaza kiuno, hufupisha hatua, hukunja magoti kidogo, na uzito wote hukaa nyuma ya vidole vyake. Asiyejua kufanya hivyo huanza safari kwa kutembea, mwishowe akakimbizwa na mzigo wake mwenyewe.

Wako farasi ambao huzaliwa na mteremko huo mwilini. Hata wakisimama kwenye uwanja tambarare, nyonga zao ziko juu kuliko kilele cha mabega, na ukiwatazama ubavuni unaona mgongo ukishuka kuelekea shingoni. Kumfunza farasi wa namna hiyo ni ufundi usiopigiwa makofi. Hauna kuruka viunzi virefu wala vikombe vya fedha. Ni kazi ya miezi mingi inayotaka jambo moja tu: uzito uliozoea kuangukia mbele ubebwe na miguu ya nyuma.

Fizi yenyewe si nchi ya farasi. Katika sehemu kubwa za Afrika ya kati, mbung'o huambukiza nagana, na visubi, wadudu wadogo hata kuliko mbu, hueneza virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili, mmoja wao zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Wote wawili walikufa mapema safarini, mbali sana na ziwa. Baadaye Stanley na Livingstone waliizunguka ncha ya kaskazini ya Tanganyika kwa mtumbwi. Leo Mkongo anayetaka kupanda farasi huenda kwenye vilabu vya Kinshasa au Lubumbashi, na kwa upande wa mashariki uwanja wa Ngong jijini Nairobi una mashindano ya mbio tangu miaka ya 1950.

Farasi yeyote, awe na umbo zuri namna gani, akisimama huweka karibu asilimia 60 ya uzito wake kwenye miguu ya mbele. Kichwa na shingo ndivyo vinavyouvuta huko. Mpandaji naye hukaa karibu zaidi na mabega kuliko na nyonga, kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito wake huongezeka palepale palipokwisha kulemewa. Kwa farasi aliyeinamia mbele hali huwa mbaya zaidi. Huegemea lijamu mpaka mikono ya mpandaji ife ganzi. Akienda matiti, yaani mwendo wa kukimbia polepole, huharakisha, kwa sababu hana njia nyingine ya kuuwahi uzito wake usimwangushe. Hujikwaa, kusimama humwia vigumu, na tandiko huteleza taratibu mpaka kwenye mabega.

Mwenye pupa huona kichwa kimeshuka, akavuta hatamu ili kukiinua. Kichwa huinuka kweli. Lakini mgongo hubonyea, miguu ya nyuma hubaki mbali nyuma ikiburuta, na mabega yanaelemewa kama mwanzo. Sasa farasi ana shida mbili.

Fundi wa kweli huanza kwa swali la umri. Farasi mchanga hukua kwa zamu: mara nyonga hutangulia, mara mabega huzifikia, na mchezo huo unaweza kuendelea mpaka amalize miaka minne au mitano. Aliyeinama akiwa na miaka miwili huenda akasawazika bila msaada wa mtu. Aliyekomaa, mifupa yake haibadiliki tena.

Hata hivyo kuna nafasi ya kufanyia kazi, nayo imo katika maumbile ya farasi mwenyewe. Farasi hana mtulinga. Hakuna mfupa unaounganisha mguu wa mbele na kiwiliwili chake. Kifua kinaning'inia kati ya miguu miwili ya mbele, kimeshikwa na misuli na kano peke yake. Misuli hiyo ikiwa legevu, kifua huzama. Ikipata nguvu, hukiinua, na kilele cha mabega huinuka pamoja nacho wakati wa mwendo. Nafasi hiyo ndogo ndiyo shamba la fundi.

Zana zake ni za zamani. Mfaransa François Robichon de la Guérinière, katika kitabu chake cha mwaka 1733, alieleza zoezi la kumtembeza farasi huku mabega yameingizwa kidogo ndani ya njia, ili mguu wa nyuma wa upande wa ndani ulazimike kuingia chini ya tumbo na kubeba. Walimu wangali wanalitumia. Huongeza mabadiliko ya mwendo: kutembea, matiti hatua chache, kutembea tena, kusimama, kurudi nyuma hatua tatu au nne. Kila mara farasi anapopunguza mwendo bila kuanguka mbele, nyonga zimeshuka kidogo na kufanya kazi yake. Mlima nao ni mwalimu. Kupanda polepole hujenga misuli ya nyuma. Kushuka kwa hatua fupi humfunza kujizuia kwa nyonga badala ya kuegemea mikono ya mtu.

Vipindi huwa vifupi. Misuli ya nyuma ikichoka, farasi hurudi kwenye mabega yake, na kuanzia hapo anafanya mazoezi ya kosa lilelile linalotakiwa kuondolewa. Kwa hiyo fundi hushuka mapema, farasi angali na hamu. Mtengeneza kwato hupunguza ncha za mbele zisirefuke na kuchosha kano, na tandiko hukaguliwa lisibane mabega yanapotaka kuinuka.

Wala umbo hilo si laana. Eclipse, farasi wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1764, alikuwa juu nyuma kuliko mbele, na hakushindwa katika mbio zote 18 alizokimbia mwaka 1769 na 1770. Damu yake imo katika farasi wengi wa mbio wa leo. Marekani nako, farasi wa Quarter, waliopewa jina la mbio fupi za robo maili, mara nyingi wana nyonga zilizoinuka, na wachungaji huwapenda kwa jinsi wanavyochomoka ghafla na kumkabili ng'ombe uso kwa uso. Shida huja pale farasi kama huyo anapotakiwa kumbeba mtu miaka mingi kwa mwendo wa utulivu, na miguu yake ya mbele ibaki mizima.

Baada ya mwaka wa kazi kama hiyo, mara nyingi fundi wa matandiko huitwa tena. Misuli imejaa nyuma ya mabega, mgongo umepanuka, na tandiko lililomkaa vizuri mwanzoni sasa linabana. Ukipima mifupa, nyonga bado ziko juu kuliko mabega, kwa tofauti ileile. Lakini anapokwenda matiti, hatamu ni nyepesi mkononi, na akiambiwa asimame husimama kwa miguu minne.